Kasajiliwa, lakini bado hajafika: jinsi ligi ndogo za besiboli zinavyofanya kazi

Mwaka 2022 Los Angeles Dodgers walisajili vijana wawili kutoka Uganda, Ben Serunkuma na Umar Male. Haukupita muda, Pittsburgh Pirates nao wakamchukua mrushaji David Matoma, Mganda mwingine. Kwa sisi tuliokulia kwenye soka, habari kama hiyo ina maana moja: kijana amesajiliwa na klabu kubwa, basi msimu ukianza tumtafute kwenye kikosi. Tukimtafuta hatumwoni. Miezi inapita, na watu wanaanza kuuliza kama ameachwa, ameumia, au habari yenyewe ilikuwa ya uongo.

Hajaachwa. Yuko kazini, ila kazini kwenyewe ni ligi ndogo. Kijana anayesaini na Dodgers leo anaweza kukaa miaka saba bila kuvaa jezi ya Dodgers kwenye uwanja wao hata siku moja, na bado klabu ikamhesabu kuwa anaendelea vizuri. Katika miaka hiyo atahamishwa miji mitano au sita, atacheza mamia ya mechi mbele ya watazamaji wachache, na uwezekano mkubwa ni kwamba hatafika. Mfumo huu una kanuni nyingi mno, na ukizisoma moja moja zinachosha. Lakini karibu zote zinajibu swali moja: muda wa mchezaji huyu ni wa nani, na mpaka lini? Ukilishika swali hilo, mengine yanafunguka.

Nitamfuata mtu mmoja aliyeipanda ngazi yote, kwa sababu safari yake inapita karibu kila kona ya mfumo. Ni Gift Ngoepe wa Afrika Kusini, mchezaji wa kwanza aliyezaliwa Afrika kucheza katika Ligi Kuu ya Besiboli ya Marekani, yaani MLB.

Ngoepe alizaliwa mwaka 1990 na akakulia Randburg, kando ya Johannesburg. Mama yake, Maureen, alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besiboli ya Randburg Mets, na familia iliishi katika chumba kwenye jengo la klabu. Mtoto akifungua mlango anakutana na uwanja. Katika nchi ambako mchezo huo ni wa wachache, na kwa miaka mingi ulikuwa wa Wazungu zaidi, hiyo ilikuwa bahati ya ajabu. Mwaka 2008 alipelekwa Tirrenia, Italia, kwenye akademia ambayo MLB iliwakusanyia vijana wa Ulaya na Afrika. Mmoja wa waliofundisha pale alikuwa Barry Larkin, nyota wa zamani wa Cincinnati. Mwaka huo huo Pirates wakampa mkataba, akawa Mwafrika Kusini mweusi wa kwanza kusaini na klabu ya MLB. Alikuwa na miaka 18.

Siku yake ya kwanza katika ligi kuu ilikuwa tarehe 26 Aprili 2017. Hiyo miaka tisa kasoro miezi ndiyo tunayotaka kuielewa.

Tuanze na namna mtu anavyoingia. Kuna milango miwili. Kijana anayeishi Marekani, Kanada au Puerto Rico hupitia mgawo wa kila mwaka, ulioanza mwaka 1965, ambamo klabu huchagua kwa zamu, na aliyechaguliwa hana ruhusa ya kwenda kusaini kwingine mwaka huo. Zamani mgawo ulikuwa na raundi nyingi. Siku hizi ni 20 tu. Wa nchi nyingine, kama Mdominika, Mvenezuela, Mganda au Mwafrika Kusini, yeye ni huru kusaini na klabu yoyote kuanzia umri wa miaka 16. Ndiyo maana wakala na skauti wanazunguka Santo Domingo wakiwatazama watoto wa miaka 13. Kwa upande mmoja uhuru huo ni faida. Kwa upande wa pili, mtoto anauza miaka yake ya mwanzo kabla hajajua thamani yake, na mara nyingi hana mtu mzima wa kumsomea mkataba.

Akishasaini, ni mali ya klabu kwa muda mrefu. Katika mfumo aliouingia Ngoepe, mkataba wa ligi ndogo ulimfunga mchezaji kwa misimu saba. Klabu iliweza kumwacha siku yoyote. Yeye hakuweza kuondoka. Kwenye soka kijana akiona hapati nafasi anaomba mkopo, au anasubiri dirisha la usajili. Hapa hakuna dirisha lake. Klabu inaweza kumbadilishana na klabu nyingine usiku, naye akaambiwa asubuhi apande ndege.

Sasa ngazi yenyewe. Kuna klabu 30 za MLB, na kila moja ina timu nne ndogo zinazocheza msimu mzima. Kutoka chini kwenda juu ni Single-A, High-A, Double-A na Triple-A. Chini ya hizo kuna ligi za kambini, Florida na Arizona, zinazochezwa mchana kwenye jua kali na karibu bila watazamaji. Chini kabisa ni ligi ya kiangazi ya Jamhuri ya Dominika, ambako vijana wengi wa kigeni, Matoma akiwa mmojawapo, huanzia. Kwa Pirates wa leo, kupanda ni kutoka Bradenton kwenda Greensboro, kisha Altoona, kisha Indianapolis, na hatimaye Pittsburgh.

Usidhani hizo ni timu zinazopanda na kushuka daraja. Altoona hata wakishinda mechi zote watabaki Double-A. Anayepanda ni mchezaji. Mpango huu ulikuzwa na Branch Rickey wa St. Louis Cardinals katika miaka ya 1920. Kabla yake, timu za miji midogo zilikuwa huru: zinalea wachezaji, kisha zinawauza kwa klabu kubwa kwa bei ya ushindani. Cardinals hawakuwa na fedha za kushindana na New York, hivyo Rickey akaanza kununua hizo timu ndogo zenyewe ili wachezaji wakomae ndani ya mikono yake. Wengine wakamuiga, na uhuru wa timu ndogo ukafifia.

Matokeo yake ni kitu ambacho shabiki wa soka anakiona kigeni kabisa. Mmiliki wa timu ya Altoona anauza tiketi, soda na fulana. Wachezaji, makocha na mishahara yao vinatoka Pittsburgh, na maagizo pia. Mrushaji anaweza kuwa anatesa wapinzani, na kocha akamtoa kwa sababu makao makuu yamesema asizidishe idadi fulani ya mipira. Mpigaji bora wa timu anaweza kuondolewa wiki ya mwisho, timu ikiwa inawania ubingwa, kwa kuwa Indianapolis wanamhitaji. Watu wa Altoona wanalijua hilo na bado wanakuja uwanjani, na mimi huwaheshimu kwa mapenzi ya namna hiyo.

Ngoepe alianza mwaka 2009 kwenye ligi ya kambini huko Bradenton, Florida. Mwaka 2010 akapelekwa State College, Pennsylvania. 2011 akawa Charleston, West Virginia. 2012 akarudi Bradenton, safari hii katika timu ya daraja la juu zaidi. 2013 akafika Altoona, na hapo akakwama.

Kwa nini akwame? Kwa sababu besiboli ni kazi mbili ndani ya mtu mmoja. Kazi ya kwanza ni kulinda: kudaka mpira unaokuja kwa kasi ardhini na kuutupa kituoni, pale mkimbiaji wa wapinzani anapokimbilia, kabla hajafika. Hapo Ngoepe alikuwa hodari kweli. Alicheza katikati ya uwanja, kwenye kituo cha pili na upande wa kushoto wake, mahali panapotaka miguu myepesi na mikono laini, na wataalamu wengi waliamini tangu mapema kuwa kwa ulinzi peke yake angeweza kucheza ligi kuu. Kazi ya pili ni kupiga kwa gongo, na hiyo ndiyo iliyomsumbua.

Kupiga hupimwa kwa wastani. Mpigaji akifaulu mara 3 katika kila 10, wastani wake ni 0.300, na huyo ni nyota. Akifaulu mara 2 kwa 10, ajira yake ina mashaka. Angalia jinsi ukingo ulivyo mwembamba: pigo moja tu katika kila majaribio 10 linatenganisha mtu anayelipwa mamilioni na mtu anayetafuta kazi nyingine. Msimu wa 2013 kule Altoona wastani wa Ngoepe ulishuka chini ya 0.200. Mwaka huo huo mama yake alifariki dunia huko Afrika Kusini. Takwimu za wachezaji huwekwa wazi, kila mtu anazisoma, na hakuna safu inayoonyesha mambo kama hayo.

Double-A ndiyo chujio. Katika madaraja ya chini mrushaji kijana ana kasi lakini hana uhakika na mpira wake. Akibanwa, anarusha mpira ulionyooka, na mpigaji anaujua unakuja. Double-A warushaji wanaweza kurusha mpira unaopinda hata wakiwa wamebanwa, na wanausoma udhaifu wako ndani ya wiki moja. Anayetaka ushahidi amtazame Michael Jordan. Mwaka 1994, baada ya kuacha mpira wa kikapu, alikwenda kucheza besiboli Birmingham Barons, timu ya Double-A ya Chicago White Sox. Mwenye White Sox, Jerry Reinsdorf, ndiye aliyekuwa pia mwenye Chicago Bulls, kwa hiyo Jordan alirukishwa madaraja ya chini. Mwanamichezo bora wa zama zake alicheza mechi 127, wastani ukawa 0.202, na akatolewa kwa straiki tatu, yaani kwa kushindwa kuupiga mpira, mara 114. Watu walimcheka. Wanaoujua mchezo wanasema kinyume: mtu wa miaka 31 ambaye hajashika gongo kwa mashindano tangu akiwa shuleni kufikia 0.202 katika daraja hilo ni jambo la kustaajabisha. Nakubaliana nao. Na kama hivyo ndivyo ilivyomuwia Jordan, basi Ngoepe kurudi Altoona mwaka 2014, na tena 2015, si jambo la aibu.

Ipo sababu nyingine inayompa mchezaji muda au kumnyima, na haiandikwi kwenye kanuni yoyote: fedha aliyolipwa siku ya kusaini. Aliyesajiliwa kwa mamilioni atavumiliwa, kwa kuwa kuna bosi aliyeidhinisha hundi na hataki kuonekana alikosea. Aliyesajiliwa kwa fedha kidogo akicheza vibaya miezi miwili, nafasi yake anapewa mwingine. Hata hivyo fedha haitoi uhakika. Brien Taylor, mrushaji aliyechaguliwa wa kwanza kabisa na New York Yankees mwaka 1991 na kulipwa dola milioni 1.55, aliumia bega kwenye ugomvi wa mtaani na hakufika ligi kuu hata siku moja. Mike Piazza alichaguliwa mwaka 1988 katika raundi ya 62, mtu wa 1,390, na leo yumo katika Jumba la Heshima.

Tufike kwenye sehemu inayowachanganya wengi: orodha ya watu 40.

Kila klabu inaruhusiwa wachezaji 26 wa kucheza mechi za ligi kuu. Lakini nyuma ya hao 26 kuna orodha pana zaidi ya majina 40. Wale 14 wa ziada wengi wao wako ligi ndogo, ila wana hadhi tofauti: mishahara yao ni mikubwa zaidi, na klabu nyingine haziwezi kuwagusa. Kuingia kwenye orodha hiyo ni hatua kubwa kuliko kupanda daraja lolote. Sasa piga hesabu. Tangu 2024 klabu inaruhusiwa kuwa na wachezaji 165 wa ligi ndogo, bila kuwahesabu walio Dominika. Zidisha kwa klabu 30, unapata karibu 5,000. Nafasi za orodha ya 40 kwa klabu zote ni 1,200. Nafasi za kucheza ni 780, na nyingi zimeshikwa na watu ambao hawana mpango wa kuondoka.

Je, klabu ikimficha kijana mzuri chini kwa miaka na miaka? Kwa ajili hiyo ipo Kanuni ya 5. Kila Desemba, wachezaji waliokaa ligi ndogo miaka minne au mitano, kutegemea umri waliosaini, na ambao hawajaingizwa kwenye orodha ya 40, wanaweza kuchukuliwa na klabu nyingine kwa dola 100,000. Sharti ni gumu: klabu inayochukua lazima imweke kwenye kikosi cha ligi kuu msimu mzima, au imrudishe. Mfano mkubwa kuliko yote ni Roberto Clemente. Dodgers walimweka Montreal, timu yao ndogo, bila kumlinda, Pirates wakamchukua mwaka 1954, na akawa mmoja wa wachezaji wakubwa katika historia ya mchezo. Ngoepe naye aliachwa wazi. Klabu 29 zilimwona na hakuna iliyomchukua. Glavu yake waliitamani. Gongo lake liliwafanya wasite.

Ndipo misimu saba ikafika mwisho. Alisaini 2008, akaanza kucheza 2009, hivyo baada ya msimu wa 2015 angekuwa huru kwenda anakotaka. Hapo Pirates walilazimika kuamua: wamwache aende, au wamwingize kwenye orodha ya 40. Wakamwingiza. Wasomaji wengi wa safari yake hulipita jambo hili haraka, lakini kwangu ndiyo siku muhimu kuliko zote kabla ya 2017. Hakuwa amepiga vizuri ghafla. Ni kalenda iliyoisha, na klabu ikatambua kwamba haiko tayari kumwona akidaka mipira kwa wengine.

Kuingia kwenye orodha kunaleta kanuni nyingine tena. Klabu inaweza kumpandisha mchezaji ligi kuu na kumrudisha ligi ndogo bila kuomba ruhusa ya mtu, lakini kwa misimu mitatu tu. Misimu hiyo ikiisha, haiwezi tena kumshusha bila kwanza kumtangaza kwa klabu nyingine, na yeyote anayemtaka anamchukua. Unapoona mchezaji wa miaka 27 mwenye kipaji anahama klabu nne ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi si tabia mbaya wala kushuka kiwango. Misimu yake mitatu imeisha, na kila klabu inajaribu kumpitisha kimyakimya bila kupata mwanya.

Siku za mchezaji aliye ukingoni kati ya Triple-A na ligi kuu ni za mashaka matupu. Amepanga chumba Indianapolis, anaambiwa saa tano usiku kwamba mtu ameumia Pittsburgh, anabeba begi na kusafiri. Baada ya siku nne aliyeumia amepona, naye anarudi. Zamani haikuwa na kikomo. Tangu 2022 klabu hairuhusiwi kumshusha mchezaji yule yule zaidi ya mara tano katika msimu mmoja kwa njia hiyo. Mara tano bado ni nyingi kwa mwenye mke na mtoto mchanga.

Lakini kila siku ya juu ina uzito. Mwaka 2017 mshahara wa chini kabisa wa ligi kuu ulikuwa dola 535,000 kwa msimu, yaani karibu dola 2,900 kwa siku moja. Siku 43 zikitimia, mtu ana haki ya pensheni. Na siku 172 zinahesabiwa mwaka mzima wa utumishi. Miaka sita ya namna hiyo ikitimia, mchezaji anakuwa huru kweli kweli, na hapo ndipo mikataba ya mamilioni unayoisikia inapotoka.

Hizo siku 172 zimeleta ugomvi mkubwa. Mwaka 2015 Kris Bryant wa Chicago Cubs alikuwa moto katika mechi za maandalizi, lakini klabu ilimpeleka Triple-A, ikisema anahitaji kuboresha ulinzi wake. Tarehe 17 Aprili akaitwa. Mwisho wa msimu alikuwa na siku 171. Siku moja pungufu, na uhuru wake ukasogea mwaka mzima, hadi mwisho wa 2021. Mwaka ule ule alitajwa chipukizi bora wa ligi yake. Alipeleka malalamiko mbele ya msuluhishi na akashindwa mwanzoni mwa 2020. Mkataba wa 2022 kati ya ligi na chama cha wachezaji umejaribu kuziba mwanya huo: chipukizi anayeshika nafasi mbili za juu katika kura za tuzo hiyo anapewa mwaka mzima hata kama aliitwa kwa kuchelewa. Kwa walio chini ya hapo, klabu bado inaweza kuhesabu siku kwenye kalenda.

Kule Altoona hakuna dola 2,900. Altoona ni mji wa reli katikati ya milima ya Pennsylvania, na timu inaitwa Curve kutokana na kona mashuhuri ya reli iliyo karibu. Miaka ya Ngoepe, nyuma ya uzio wa kulia wa uwanja palikuwa na bustani ya burudani, na mpigaji akiinua macho aliona mfumo wa mbao wa gari la kupanda na kushuka umesimama nyuma ya uzio huo. Ni mahali pazuri kwa familia kupeleka watoto jioni. Pittsburgh iko kama saa mbili tu kwa gari. Mchezaji anaweza kuendesha hadi uwanja wa ligi kuu, akatazama mechi siku ya mapumziko, akarudi kulala. Ngoepe alikaa umbali huo kwa sehemu ya misimu mitatu.

Miaka yake ya mwanzo, mchezaji wa madaraja ya chini alianza na dola 1,100 kwa mwezi, na miezi yenyewe ni ile ya msimu tu. Mazoezi ya kabla ya msimu hayakulipwa. Wengi waliishi kwa familia za wenyeji waliojitolea kuwapa chumba, au walijibana wanne, watano kwenye nyumba moja wakilala kwenye magodoro ya upepo. Wakati wa baridi waliosha magari, walifundisha watoto, walipakia mizigo ghalani, kisha usiku wakafanya mazoezi. Mwaka 2014 wachezaji wa zamani walifungua kesi mahakamani wakidai malipo chini ya sheria za kima cha chini cha mshahara. Mwaka 2018 Bunge la Marekani likapitisha kifungu kilichowatoa wachezaji hao katika sehemu kubwa ya ulinzi wa sheria hizo. Nimekisoma kifungu hicho na bado kinaniuma: ligi yenye mabilioni iliomba serikali iisaidie kutowalipa vijana. Kesi hata hivyo iliendelea, na mwaka 2022 MLB ikakubali kulipa dola milioni 185 kuimaliza. Mwaka huo klabu zikaanza kutoa makazi. Septemba, wachezaji wa ligi ndogo wakajiunga na chama cha wachezaji wa ligi kuu, na mwishoni mwa Machi 2023 wakawa na mkataba wao wa kwanza wa pamoja.

Kima cha chini cha Triple-A kilipanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800 kwa mwaka. Double-A kutoka 13,800 hadi 30,250. Ligi za kambini kutoka 4,800 hadi 19,800. Kwa Marekani hizo bado ni fedha za kubana matumizi, lakini mtu anaweza kula vizuri na kulala kitandani, na mwili unaolala vizuri unapiga vizuri zaidi. Na kwa anayesaini akiwa na miaka 19 au zaidi, kifungo cha misimu saba kimeshuka kuwa sita.

Yapo pia yaliyopotea. Mwaka 2021 MLB ilipanga upya ligi ndogo zote na kubakiza timu 120, nne kwa kila klabu. Zaidi ya miji 40 ilipoteza timu zake. State College, kituo cha pili cha Ngoepe, si tena ngazi ya klabu yoyote. Charleston ya West Virginia, kituo chake cha tatu, nayo ilitolewa. Kijana anayefanana naye leo, mwenye glavu ya dhahabu na gongo linalosuasua, hana zile ngazi mbili za kupumulia. Atapimwa mapema na kuachwa mapema. Huwa najiuliza kama Pirates wa sasa wangemvumilia miaka minane.

Yeye walimvumilia, na tarehe 26 Aprili 2017 aliingia katikati ya mechi dhidi ya Cubs, mabingwa watetezi. Zamu yake ya kwanza alikutana na Jon Lester, mmoja wa warushaji wazito wa kizazi chake. Akapiga mpira ukapita katikati, akafika kituo cha kwanza salama. Alicheza mechi 28 msimu huo, wastani ukawa 0.222. Mwisho wa mwaka Pirates wakamtoa kwa Toronto Blue Jays, akacheza mechi 13 mwaka 2018, na baada ya hapo hakurudi tena ligi kuu. Jumla mechi 41.

Wapo wanaosema ni kidogo. Mimi naona tofauti, hasa nikiwakumbuka waliobaki chini. Mike Hessman alipiga mipira 433 nje ya uzio katika ligi ndogo za Marekani, rekodi ambayo hakuna aliyeifikia, na katika maisha yake yote alicheza mechi 109 za ligi kuu. Hessman alikuwa mzuri mno kwa Triple-A na hakutosha kwa hatua iliyofuata, na watu wa aina hiyo wamejaa kila timu. Ngoepe aliwafungulia wengine pia. Mdogo wake Victor alisaini na Pirates mwaka 2016, na mwaka 2019 Tayler Scott, Mwafrika Kusini mwenzao, akawa mrushaji wa Seattle Mariners.

Kwa Afrika Mashariki mlango unapitia Uganda. Mwaka 2011 watoto wa Kampala walifuzu mashindano ya dunia ya Little League huko Williamsport, Pennsylvania, wakanyimwa viza. Mwaka 2012 timu ya Lugazi ikafika, ya kwanza kutoka Afrika, na ikaifunga timu ya Gresham ya Oregon 3 kwa 2. Baada ya muongo mmoja skauti wanakuja wenyewe.

Kwa hiyo mzazi akifuatwa na mtu mwenye mkataba, asianze na jina la klabu lililo juu ya karatasi. Aulize mtoto atafungwa misimu mingapi, na kama kumsubirisha hadi afikishe miaka 19 kutabadilisha hesabu. Aulize ataanzia wapi, Dominika au Florida, na nani atamlipia daktari akiumia kiwiko. Aulize kama wakala anatambuliwa na chama cha wachezaji, na anakata asilimia ngapi. Na aulize kama mkataba umetenga fedha za masomo, kiasi gani, na zina muda gani kabla ya kuisha. Klabu nyingi huzitoa, lakini mara nyingi lazima uziombe kabla ya kusaini, maana baada ya hapo hazipatikani tena.